Kasha na Ufunguo Wake: Itikadi ya Gileadi katika Riwaya ya Margaret Atwood

Riwaya ya The Handmaid's Tale, iliyoandikwa na Margaret Atwood wa Kanada na kutolewa mwaka wa 1985, imekwisha kuhakikiwa mno, wala si nia ya makala haya kuongeza sauti moja zaidi katika kwaya iliyokwisha kujaa. Lakini upo usomaji mmoja wa riwaya hii ulioenea hata katika madarasa yetu, nao ni ule unaodai kwamba Atwood ameishambulia dini. Katika shule kadha za Marekani wazazi wamedai kitabu kiondolewe rafuni kwa sababu hiyo, na wapo wengine wanaokisifu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimekosea. Itikadi inayotawala Gileadi msingi wake ni haki ya kusoma iliyotwaliwa na watu wachache. Imani ya kweli, popote inapojitokeza katika riwaya, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuteswa.

Hadithi yenyewe inajulikana, nasi tutaipitia kwa ufupi. Kikundi kiitwacho Wana wa Yakobo kinamwua Rais wa Marekani pamoja na wabunge. Jeshi linatangaza hali ya hatari, na lawama zinatupiwa Waislamu. Katiba inasimamishwa kwa muda, na muda huo hauishi. Halafu siku moja wanawake wote wanaachishwa kazi na fedha zao zilizo katika benki zinahamishiwa kwa waume zao au jamaa zao wa kiume. Kwa kuwa uzazi umepungua mno, wanawake wachache walio na uwezo wa kuzaa wanagawanywa katika nyumba za Makamanda ili wawazalie watoto, na watoto hao huwa mali ya wake wa nyumba. Msimulizi ni mmoja wa wanawake hao. Hatulijui jina lake. Tunalijua lile alilopewa tu, Offred, yaani wa Fred.

Tuanze na kasha. Usiku wa ibada, jamaa yote ya nyumba hukusanyika sebuleni, na Kamanda huingia, akatoa ufunguo, akafungua kasha na kukitoa Kitabu. Msimulizi anasema kwamba Biblia hufungiwa kama vile zamani watu walivyokuwa wakifungia majani ya chai ili watumishi wasiibe. Mfano huu ni wa jikoni, nao umebeba hoja nzima ya riwaya. Chai haifungiwi kwa kuwa ni takatifu. Hufungiwa kwa kuwa ni tamu, na kwa kuwa anayeifungia anajua kwamba watumishi nao wana kinywa. Kamanda anasoma habari za Adamu, za Nuhu, na za Raheli na Lea. Wanawake wanamsikiliza na kumtazama kama wenye njaa wanavyomtazama mtu anayekula. Mwanamke akipatikana na hatia ya kusoma mara ya tatu hukatwa mkono. Hata majina ya maduka yamefutwa na picha zimewekwa mahali pake, kwa sababu herufi zenyewe zimeonekana kuwa kishawishi.

Ikiwa utawala huu ungekuwa wa imani, basi kukithirisha wasomaji wa Kitabu kungekuwa faida kwake. Hapa historia inamsaidia mhakiki. Atwood ameitabarukia riwaya yake kwa watu wawili. Mmoja ni Mary Webster, mwanamke wa Massachusetts wa karne ya 17 aliyeshutumiwa uchawi, akatundikwa, wala asife. Wa pili ni Perry Miller, mwanachuoni wa Harvard aliyetafiti habari za Wapuritani. Gileadi inajidai kuwa mrithi wa Wapuritani hao, na mandhari yake ni mji ule ule wa Cambridge, Massachusetts, walikojenga chuo chao mwaka wa 1636. Lakini mwaka wa 1647 Wapuritani wa Massachusetts walitunga sheria kwamba kila mji wenye nyumba 50 uweke mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika, na sababu waliyoitoa ni kwamba hila mojawapo ya Shetani ni kuwazuia watu wasiyajue Maandiko. Hawakuwa watu wapole. Mwaka wa 1692 watu 19 walinyongwa Salem kwa tuhuma za uchawi. Hata hivyo waliamini kwamba mtu asiyeweza kusoma amefungiwa njia ya wokovu. Gileadi imechukua kamba ya Wapuritani ikaiacha shule yao. Katika riwaya, wanawake hunyongwa katika uwanja ulio mbele ya jengo ambalo zamani lilikuwa maktaba.

Tena, tuangalie ni nani wanaoadhibiwa. Ukutani ametundikwa kasisi akiwa na kanzu yake. Wakweka wanakamatwa kwa kuwatorosha wanawake. Vita vinapiganwa milimani dhidi ya Wabatisti. Wayahudi wanaambiwa ama waongoke ama wahame. Msimulizi mwenyewe, usiku akiwa peke yake, huisali sala ya Bwana kwa maneno yake mwenyewe, akisita katika kila kifungu, akibishana na Mungu, akiomba radhi. Nasi tunathubutu kusema kwamba hiyo ndiyo sala pekee katika riwaya nzima. Sala rasmi za Gileadi zinasaliwa na mashine. Mtu hupiga simu, huchagua mojawapo ya sala tano (ya afya, ya mali, ya msiba, ya uzazi, ya dhambi), hulipa, na mashine hupiga chapa na kuisoma kwa sauti ya chuma katika chumba kisichokuwa na mtu. Kisha karatasi ile ile hurudishwa ndani ifanyiwe kazi tena. Wake wa Makamanda huagiza sala hizi kwa wingi kwa kuwa jambo hilo hujulikana, na kujulikana kwake huwafaa waume zao.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu hasa sisi tunaoshughulika na lugha. Mwenye ufunguo wa kasha anaweza kusoma yaliyomo, anaweza pia kusoma yasiyokuwamo. Katika kituo wanakofunzwa wanawake hao, heri za Mlimani husikilizwa wakati wa chakula kutoka katika kanda, kwa sauti ya mwanamume, ili hata msimamizi wa kike asiwe na hatia ya kusoma. Katika heri hizo imepachikwa moja inayowasifu walio kimya. Msimulizi anajua kwamba imetungwa, anajua pia kwamba nyingine zimeachwa. Ila hana mahali pa kuhakikisha. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka hapa kazi ya hafidhi, ambaye kifua chake ndicho msahafu, na ambaye imamu akikosea aya humsahihisha papo hapo, tena katikati ya sala. Wanawake wa Gileadi nao ni mahafidhi kwa kadiri fulani, kwa kuwa walisoma kabla ya mapinduzi. Tofauti ni kwamba hafidhi ana ruhusa ya kufungua kinywa. Na watoto wa kike watakaozaliwa baadaye hawatakuwa na cha kukumbuka.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Wanawake hao hufundishwa kukariri, mara tatu baada ya chakula, kauli ambayo wanaambiwa ni ya Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume. Kwa hakika ni ile kauli maarufu ya Karl Marx, ya mwaka wa 1875, kuhusu kila mtu kutoa kwa kadiri ya uwezo na kupokea kwa kadiri ya mahitaji. Kuna kicheko hapa, kwani Makamanda wangemnyonga Marx bila kusita. Lakini ufundi wa hila hiyo hauko katika kubadilisha jina la mwenye kauli. Uko katika viwakilishi viwili vya Kiingereza: anayetoa amefanywa wa kike, anayepokea amefanywa wa kiume. Mabadiliko hayo ni silabi moja tu, na sikio lisilokuwa macho huyapitisha bila kuyahoji.

Mfasiri wa Kiswahili atafanya nini? Kwetu uwezo ni wake na mahitaji ni yake, awe mwanamke au mwanamume. Kiambishi chetu hakijali jinsia, na sumu yote imeyeyuka. Akitaka kuihifadhi itambidi aandike "kila mwanamke" na "kila mwanamume", na hapo kilichofichwa katika silabi kitakuwa kimepigiwa mbiu. Kinyume chake hutokea katika jina la kikundi chenyewe. Nimewaita Wana wa Yakobo, kama desturi ya Biblia zetu ilivyo, lakini wana kwa Kiswahili ni pamoja na mabinti, na Yakobo alikuwa na binti, Dina. Kiingereza kimemtoa Dina mlangoni bila kelele; sisi tukitaka kumtoa itatulazimu tuseme "wana wa kiume". Sidai kwamba lugha isiyotofautisha jinsia katika viwakilishi ina watu waadilifu zaidi; historia yetu haituruhusu majivuno hayo. Ninalodai ni dogo zaidi: itikadi hii imeshonwa kwa uzi wa Kiingereza, na mtu akiigeuza kwa Kiswahili mishono huonekana. Gileadi ya Kiswahili ingehitaji vificho vingine.

Vificho hivyo vingekuwa wapi? Niliwahi kuwapa wanafunzi neno linalotaja cheo cha msimulizi, walitafutie tafsiri. Wengine waliandika mjakazi, wengine kijakazi, mmoja aliandika yaya, na mwanafunzi mmoja wa kutoka Lamu aliandika suria, akakataa kabisa kulibadilisha. Alikuwa na hoja. Biblia ya Kiswahili ya 1952 humwita Bilha mjakazi katika Mwanzo 30, pale Raheli anapomtoa kwa Yakobo, na humwita suria katika Mwanzo 35. Mtu ni yule yule. Mjakazi hutaja kazi yake kwa bibi yake; suria hutaja nafasi yake kwa bwana. Gileadi imechagua neno la kazi ili isilazimike kutaja kitanda, nayo ibada nzima, pamoja na mke aliyemshika mikono yule mwanamke, imepangwa ili kitanda kionekane kuwa kazi.

Hata hivyo suria wa pwani si yule wa Gileadi, na ingekuwa kosa kuwachanganya. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, alikuwa huru bwana akifa, na mtoto wake alikuwa mwana halali mwenye kurithi. Masultani wa Unguja waliomfuata Sayyid Said baada ya 1856, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walizaliwa na masuria. Utumwa ulikuwa utumwa, na hatusemi haya kwa kuupamba. Lakini suria alibaki kuwa mama wa mtoto wake, na jambo hilo ndilo hasa Gileadi inalomnyang'anya msimulizi. Na kwa kuwa tunazungumza juu ya kusoma, inafaa kumtaja Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844 kwa suria wa Kicherkesi wa Sayyid Said. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, ila hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akiyaiga maandishi ya msahafu, na mwaka wa 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani. Aliyemruhusu kusoma hakujua kwamba amekwisha kumpa kalamu. Gileadi inajua, ndiyo maana imefunga kotekote.

Wasimamizi wa kituo huitwa Shangazi. Wahakiki wengi wameliona jina hili kuwa la kejeli tu. Kwa msomaji wetu linauma zaidi, kwa kuwa sisi tunaye kungwi, tunaye somo, yule mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari mambo ya mwili na ya unyumba kwa lugha ambayo wanaume hawaruhusiwi kuisikia. Shangazi Lydia anafanya kazi ya kungwi kwa kila kitu isipokuwa kimoja: siri anayoifundisha si ya wanawake, ni ya Makamanda. Utawala huu haukuzua ujamaa mpya. Umeuteka ule uliokuwapo na kuuvika sare.

Kasoro moja ya riwaya hatuwezi kuipita kimya. Katika taarifa ya habari ya televisheni msimulizi anasikia kwamba Wana wa Hamu wanahamishwa. Maelfu yao wamekwisha kufika katika kile kinachoitwa makao yao ya kitaifa, huko Dakota Kaskazini, ambako yamkini watalima. Sentensi chache, na Wamarekani weusi wametoweka kitabuni. Msimulizi anajiuliza walisafirishwa vipi, kisha mawazo yake yanahamia kwingine. Na mwandishi naye anahamia huko pamoja naye.

Sisi hatuwezi kuhama upesi hivyo. Riwaya hii ilitoka wakati Afrika Kusini ilikuwa ikiwahamisha watu kwa nguvu na kuwapeleka katika maeneo yaliyoitwa makao yao, mojawapo likiwa Transkei iliyopewa "uhuru" mwaka wa 1976, na wapo wanateolojia waliolitetea jambo hilo kwa Biblia mkononi. Atwood analijua hili. Neno lake limetoka huko. Zaidi ya hayo, ile sheria ya kukataza kusoma, ambayo tumesema ndiyo uti wa mgongo wa Gileadi, asili yake Marekani ni watumwa weusi. South Carolina ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika mwaka wa 1740, na Virginia ilipiga marufuku mikutano ya kuwafundisha kusoma mwaka wa 1831. Frederick Douglass amesimulia jinsi bibi yake alivyoanza kumfundisha herufi, na jinsi bwana alivyomkataza kwa kuhofia kwamba mtumwa akisoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Njia ya siri ya kuwatorosha wanawake wa Gileadi hadi Kanada imepewa jina kwa kuiga ile iliyowatorosha watumwa. Basi kisa ni cha watu weusi, vifaa ni vya watu weusi, na wenyewe wamepakiwa katika treni kabla hadithi haijaanza. Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo utawala wa namna hiyo ungetenda, na ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kuonyesha jinsi Makamanda wanavyowafuta watu na kuwafuta kwa niaba yao.

Na hapa palikuwa na nafasi iliyopotea. Anayefungua Mwanzo 9 ataona kwamba Nuhu hakumlaani Hamu. Aliyelaaniwa ni Kanaani. Laana ya Hamu, iliyohalalisha utumwa kwa karne nyingi, yenyewe ni usomaji wa mwenye ufunguo. Ingekuwa mfano bora kuliko ile heri ya kubuni, maana hii haikubuniwa na mwandishi wa riwaya. Atwood alikuwa nayo mkononi akaipita.

Katika The Testaments, iliyotoka 2019 na kugawana tuzo ya Booker na riwaya ya Bernardine Evaristo, Atwood anairudia hoja ya kasha kwa uwazi zaidi. Binti aliyekulia Gileadi, Agnes, amefundishwa utotoni kisa cha suria aliyekatwa vipande 12, pamoja na maelezo kwamba suria huyo alijitoa kwa hiari yake. Baadaye anajiunga na Mashangazi, ambao wana ruhusa ya kusoma, na baada ya kuzijua herufi anaonyeshwa Waamuzi 19. Hakuna hiari humo. Tunaiona sehemu hii kuwa bora kuliko njama zote za kijasusi zinazoijaza nusu ya pili ya kitabu, kwa sababu Agnes hapotezi imani kwa kumsikia mpinga dini. Anayumba kwa kusoma Kitabu chenyewe.

Lakini riwaya ya kwanza ndiyo iliyo na ujasiri wa kutofanya herufi kuwa dawa ya kila kitu. Msimulizi amepewa kitu kimoja tu cha kusoma, na hicho ni kwa kusahauliwa: mto wa kiti uliotariziwa neno IMANI, herufi tano kwa Kiingereza kama zilivyo kwa Kiswahili. Hulitazama neno hilo kwa dakika nyingi. Hulisoma, basi, na hakuna kinachotokea. Kamanda naye, anapotaka kumpendeza kwa siri, humwita chumbani mwake wacheze mchezo wa kupanga herufi. Mtu aliyeandika sheria ya kukata mikono, au aliyekuwamo miongoni mwa walioiandika, anampa mwanamke herufi za kuchezea kama anayempa mtoto peremende.

Hatimaye tunavuka hadi mwaka wa 2195. Gileadi imekwisha kuanguka, nasi tumo katika mkutano wa wanachuoni, mkutano wa aina ambayo wasomaji wa jarida hili wanaifahamu vizuri: kuna mwenyekiti, kuna matangazo ya matembezi, kuna Profesa Pieixoto wa Cambridge anayewachekesha wenzake kwa mizaha juu ya wanawake. Tunaarifiwa kwamba simulizi tuliyoisoma haikuandikwa. Ilizungumzwa katika kanda za muziki, zipatazo 30, zilizokutwa ndani ya sanduku la chuma la kijeshi huko Bangor, Maine. Kwa hiyo mwanamke huyu naye alikuwa na kasha lake. Kanda hazikuwa na nambari. Profesa na mwenzake ndio waliozipanga kwa kukisia, na mpangilio tulioufuata tangu ukurasa wa kwanza ni wao. Anawasihi wasikilizaji wasiwe wepesi wa kuwahukumu watu wa Gileadi. Kisha anasikitika kwamba msimulizi hakutueleza zaidi jinsi dola ilivyoendeshwa, akasema angetoa chochote apate walau kurasa 20 kutoka katika kompyuta ya Kamanda. Wasikilizaji wanampigia makofi, naye anauliza kama kuna mwenye swali.